Jani la Buluu: Siku Saba Nikifuata Fedha na Enameli

Jumatano. Hamburg hadi Copenhagen

Jani lina urefu wa kidole gumba changu. Ni bruchi, pambo la kubana nguoni kwa sindano, ya fedha iliyofunikwa enameli, yaani kioo kilichoyeyushwa juu yake, ya buluu, buluu ile ya nje ya mwamba, pale maji yanapoacha ukijani na kuingia kina. Nchani pamemeguka. Kipande kama punje ya mchele kimetoka na fedha iko wazi.

Lilikuwa la Bibi mmoja wa Norwei aliyeolewa Ujerumani zamani, nami nilimhudumia miaka mitatu katika nyumba ya wazee. Kila Jumapili alitaka kuvalishwa jani lake. Vidole vyake vilikuwa havishiki tena sindano, kwa hiyo nilimfungia mimi, na kila mara alinitajia neno lile lile la kwao, emalje, yaani enameli, akasubiri nilirudie mpaka nilitamke sawasawa. Alipofariki, binti yake alinikabidhi jani ndani ya kiboksi cha kadibodi. "Wewe ndiye uliyekuwa ukimvika," alisema, akaondoka.

Mimi ni mtoto wa Lamu. Ami yangu, ndugu yake baba, ni mfua fedha. Utoto wangu ulipita karakanani kwake, kwanza nikimvutia mivukuto, baadaye nikipewa pete nizisugue kwa majivu na ndimu. Pete zake huzitia vigae vya kaure, vipande vya sahani za Kichina zilizovunjika zamani, ua nusu au jani nusu limezungushiwa ukingo wa fedha. Nilipomtumia picha ya bruchi hii, jibu lake la sauti lilifika kabla sijaweka simu chini: "Uso nimeuona. Nitumie mgongo."

Mgongoni mna maneno NORWAY STERLING 925S, herufi D-A, na mizani midogo ambayo bila kioo cha kukuzia ungedhani ni mkwaruzo. D-A ni David-Andersen, karakana iliyofunguliwa mwaka 1876 katika mji ulioitwa Christiania, ambao leo ni Oslo. 925, kiwango kinachoitwa sterling, ni kusema sehemu 925 katika 1,000 ni fedha safi, na zinazobaki kwa kawaida ni shaba. Hayo maneno ya Kiingereza nayo ni ushahidi: vito hivi vilitengenezwa vikimlenga mgeni na mnunuzi wa ng'ambo, biashara iliyostawi sana baada ya Vita vya Pili vya Dunia.

Nina likizo ya siku saba. Nataka kuona jani hili lilikotoka, na kuuliza kama ncha yake inazibika. Treni imeingia Copenhagen jioni. Nimekula mkate na samaki wa kuvuta moshi, nimelala mapema.

Alhamisi. Copenhagen

Nimeanzia mtaa wa Bredgade. Nambari 36 ndipo Georg Jensen, mfua fedha mashuhuri wa Denmark, alipofungua karakana yake mwaka 1904. Wakusanyaji wengi wa fedha za Skandinavia huanzia kwake, na ukiona alivyoikunja fedha ikawa shada la zabibu huna la kubisha. Mimi huvutwa na rangi. Kwa hiyo Jensen nimempitia kwa heshima, nikaingia Designmuseum Danmark, makumbusho ya ubunifu, mtaa huo huo kwa mbele, halafu nikageukia maduka ya vito vya kale.

Katika dirisha la duka moja kulikuwa na maua meupe matano yamepangwa juu ya kitambaa cheusi. Hadithi yake naipenda kuliko vito vingi vya thamani zaidi. Tarehe 9 Aprili 1940 majeshi ya Ujerumani yaliingia Denmark. Tarehe 16, wiki moja tu baadaye, mrithi wa kiti cha ufalme alipata binti, Margrethe, ambaye nyumbani walimwita Daisy, jina la ua hilo kwa Kiingereza. Kampuni ya A. Michelsen, masonara wa jumba la mfalme, ikatoa bruchi ya ua: fedha iliyochovywa dhahabu, petali za enameli nyeupe, kiini cha rangi ya dhahabu. Mtoto yule ndiye Malkia Margrethe wa Pili, aliyeachia kiti Januari 2024, na ua lake bado linavaliwa na mama, binti na mjukuu.

Mwaka huo huo Mfalme Christian wa Kumi alitimiza miaka 70. Arno Malinowski, msanii wa karakana ya Georg Jensen, alichora beji ndogo ya fedha na enameli, yenye taji na herufi CX, yaani Christian wa Kumi. Watu waliibandika kwenye kola barabarani, mbele ya askari waliokuwa wameikalia nchi yao. Mwenye duka amenipa moja niishike. Ni nyepesi kama shilingi ya zamani. Nimeigeuza, nikaikuta sindano yake imelegea kwa kufungwa na kufunguliwa, nikajua hii haikukaa sandukuni. Sikuweza kuirudisha haraka.

Amenionyesha pia jinsi ya kusoma mihuri ya Denmark. Minara mitatu ni alama ya serikali, na chini yake mna tarakimu za mwaka. Pembeni huwa na herufi za mkaguzi: CFH ni Christian F. Heise, aliyekagua kuanzia 1904 hadi 1932, na baada yake JS, Johannes Siggaard, hadi 1960. Kwa hiyo kijiko au bruchi huweza kukutajia umri wake yenyewe, ukiwa na kioo na subira.

Mchana nimekosea. Katika meza moja ya vitu vya zamani nimeona kipepeo wa kijani, STERLING DENMARK mgongoni, bei nyepesi, na mvua imeanza kunyesha. Nimetazama mihuri, nimelipa, nimekimbia. Usiku hotelini nimemmulika kwa kijitochi changu cha kukagulia noti, chenye mwanga wa zambarau. Ukingo wa bawa la kushoto umewaka weupe wa maziwa, na sehemu nyingine zote zimebaki giza. Pale pamezibwa kwa rangi ya gundi. Nimegusa kwa ncha ya sindano, ikazama kidogo, na kioo hakizamishi sindano. Sidhani aliyeniuzia alijua. Ami alinifundisha tangu nina miaka tisa kwamba kito hugeuzwa pande zote, na mbele ya mwanga, kabla mkono haujaingia mfukoni. Leo nimegeuza upande mmoja.

Ijumaa. Njiani kwenda Oslo

Siku nzima treni. Daraja la Øresund, pwani ya Uswidi, kubadilisha Göteborg, kisha misitu.

Treni iliposimama Halden, mji wa kwanza mkubwa baada ya mpaka wa Norwei, nimesogea dirishani. Hapa palikuwa na kiwanda cha Cathrineholm, kilichotoa mabakuli na birika za chuma zilizopakwa enameli za rangi kali, pamoja na yale yenye majani ya yungiyungi yaliyosimama kama miale. Maumbo mengi yalibuniwa na Grete Prytz Kittelsen, mbunifu na mfua fedha wa Norwei. Nakshi ya majani ilikuwa ya Arne Clausen, na Grete mwenyewe hakuipenda, alitaka rangi ijisemee. Kwetu, nani hana kumbukumbu ya sahani ya enameli yenye ukingo wa buluu, iliyomeguka pale ilipoanguka sakafuni? Kwa mama yangu sahani kama hiyo ilikuwa na doa jeusi la ukubwa wa senti tano, na sote tuligombea kuto​kulia upande wa doa. Kitu ni kimoja: kioo kilichosagwa unga na kuyeyushwa juu ya madini. Juu ya chuma kinapika ugali, juu ya fedha kinakwenda harusini.

Jumamosi. Oslo

Soko la Vestkanttorvet, upande wa magharibi wa mji, hujaa meza kila Jumamosi. Nimefika mapema, kabla ya umande kukauka kwenye maturubai. Nimekaa hadi saa nane mchana, na kama miguu ingeruhusu ningekaa zaidi.

Majani! Nimeyakuta katika visanduku vya vioo, kwenye trei za velvet, moja hata ndani ya kikombe cha chai pamoja na vifungo. Meupe, mekundu, ya kijani cha limau, ya zambarau, na mawili ya buluu kama la Bibi. Karakana nyingi za Norwei zilitengeneza majani na vipepeo vya namna hii katikati ya karne iliyopita, na kwa mbali vyote vinafanana. Kwa hiyo nilianza na migongo: D-A, kisha Hroar Prydz, kisha Ivar T. Holth, kisha Aksel Holmsen wa Sandefjord. Baada ya saa moja jicho lilianza kuzoea, nikaweza kubahatisha kabla ya kugeuza, nikapatia mara tatu kati ya tano.

Acha nieleze kinachofanya jani liwake, kwa sababu leo ndiyo nimekielewa. Chini ya kioo, fedha haikuachwa laini. Imechorwa mistari myembamba, mishipa ya jani, mawimbi, miale. Kazi hii huitwa giloshe. Zamani ilichongwa kwa mashine ya kuzungusha, mstari baada ya mstari, na kwa vito vilivyotolewa vingi mistari hiyo iligandamizwa kwa muhuri wa chuma. Juu yake hupakwa enameli inayopitisha mwanga. Mwanga unaingia, unagonga mistari, unarudi kwa pembe mbalimbali, na ukitikisa kifua tu jani zima linatembea. Ndiyo maana picha ya simu haitoshi kununulia kito hiki. Lazima ukichezeshe mkononi.

Na ndiyo maana wengi walichovya fedha katika dhahabu kabla ya kuitia kioo chekundu au cha manjano. Rangi hizo juu ya fedha tupu huweza kufifia au kupata uchafu wa ukahawia, lakini juu ya dhahabu hupata joto. Buluu na kijani hukaa vizuri juu ya fedha yenyewe. Buluu hutoka kwa kobalti, kijani kwa shaba, na wekundu ule mzuri wa waridi kwa dhahabu yenyewe iliyoyeyushwa ndani ya kioo.

Mama mmoja muuzaji, umri wa mama yangu, ameniona nimevaa jani la Bibi kwenye koti. Amelitazama, ameinama chini ya meza, akatoa bruchi kubwa ya duara yenye vijiko vidogo vingi vinavyoning'inia. Hiyo ni sølje, huvaliwa na vazi la jadi siku ya taifa, tarehe 17 Mei. Muhuri wake ni 830S, kiwango cha zamani cha fedha ya Norwei, chini kidogo ya 925. Ameitikisa ikalia kama mvua ya mbali. Zamani, ameniambia, mtoto mchanga alibandikwa fedha ili watu wa chini ya ardhi wasije wakambadilisha na mtoto wao. Nimemwambia kwetu mtoto hufungwa hirizi, na wenye uwezo waliiweka ndani ya kikopo cha fedha. Amekaa kimya kidogo, kisha ameuliza, "Nacho kinalia?" Nimesema ndiyo, vingine vina njuga.

Sikununua majani yale ya buluu. Moja lilikuwa zima kabisa, bei ya haki, mihuri sawasawa. Nililiweka karibu na langu kwenye kiganja. Lile jipya lilikuwa na kona kali na sindano isiyochoka. Langu lina mng'aro uliolainika pembeni, pale kidole gumba kilipolishika kila Jumapili, kwanza chake, halafu changu. Nimemrudishia mwenyewe na kumshukuru.

Jumapili. Oslo

Asubuhi nimepita soko la Birkelunden, kisha nikaenda Nasjonalmuseet, makumbusho ya taifa, jumba jipya karibu na bandari lililofunguliwa Juni 2022.

Grete Prytz Kittelsen alizaliwa mwaka 1917, akafariki 2010. Alitoka katika ukoo ulioendesha karakana ya Tostrup, iliyoanzishwa na Jacob Tostrup mwaka 1832. Kabla yake Wanorwei walisifika kwa enameli ya dirisha, vindusemalje kama wanavyoiita: vijumba vya waya wa fedha vinajazwa kioo kisichokuwa na bati nyuma, mwanga unapita moja kwa moja kama kwenye dirisha la msikiti wenye vioo vya rangi. Tostrup walipeleka kazi kama hizo maonyesho ya Paris mwaka 1900. Mabakuli, vijiko, mabawa ya kereng'ende. Ni kazi ya kushikilia pumzi.

Grete alikuja na njia nyingine. Badala ya vijumba vidogo alitaka uwanja mpana wa rangi, laini, bila nakshi ya kumpumzisha mtazamaji. Shida ni kwamba kioo na fedha havitanuki sawa vinapopata moto, na uso ukiwa mpana kioo hupasuka. Alishirikiana na watafiti wa taasisi ya utafiti wa viwanda ya Oslo mpaka njia ikapatikana. Mwaka 1952 alipata tuzo ya Lunning, ya wabunifu wa Skandinavia, na mwaka 1954 zawadi kuu ya maonyesho ya Milano. Nimesimama mbele ya kazi zake muda mrefu. Pete zake zingemfaa msichana wa leo wa Mombasa bila kubadilishwa chochote.

Nimempigia Ami kutoka ngazi za nje.

"Shikamoo Ami."

"Marahaba. Umeuliza moto wao ni nyuzi ngapi?"

"Karibu 750, hata 800."

Alinyamaza. Nilisikia punda akipita nyuma yake. "Na fedha yenyewe ile?"

"Ya 925 huanza kulegea karibu 780."

"Basi wanafanya kazi ukingoni mwa kisima," alisema.

Jumatatu. Kongsberg

Saa moja na kitu kwa treni. Mgodi wa fedha wa hapa ulianza mwaka 1623 na kufungwa 1958, na katika miaka hiyo ulitoa zaidi ya tani 1,300. Kitreni kidogo kinakuingiza kilomita 2.3 ndani ya mlima, hadi mita 342 chini ya ardhi. Baridi kali, maji yanadondoka, hakuna anayezungumza.

Makumbusho ndiyo yaliyonishika. Fedha ya Kongsberg mara nyingi ilitoka ikiwa nyuzi, waya safi uliojisokota wenyewe ndani ya mwamba, mwingine mnene kama kidole, mwingine kama nywele za kusuka. Ami huvuta waya kwa nguvu za bega, tundu baada ya tundu, na hapa mlima ulikuwa nao tayari. Nimeupiga picha arobaini.

Jumanne. Oslo, kisha nyumbani

Nilikuwa na miadi saa tatu asubuhi na fundi wa enameli, karakana ya chumba kimoja nyuma ya ua. Tanuru lake halizidi mkoba wa mwanafunzi.

Alilichukua jani na, kabla ya lolote, akaligeuza. Nikamwamini.

Maelezo yake yalikuwa marefu na sikutaka yaishe. Ili kuziba ncha kwa kioo halisi, jani lote lazima lirudi motoni. Bawaba ya sindano imeunganishwa kwa lehemu, na huenda ikaachia. Nyufa ndogo ambazo jicho halizioni zimeingiza mafuta ya ngozi na sabuni ya miaka sitini au sabini, na uchafu huo ukichemka ndani ya kioo huacha mapovu na madoa. Na buluu hii ilichanganywa kwa unga wa zamani wenye madini ya risasi. Ya leo ni jirani yake, haiwi yenyewe. Njia ya hakika ni kuondoa kioo chote na kuanza upya. "Utakuwa na jani zuri," alisema, "litakalotengenezwa na mimi." Angeweza pia kupaka gundi ya rangi, kazi ya nusu saa. Nilimwonyesha kipepeo wangu wa Copenhagen, akacheka, nami nikacheka, tukaacha habari ya gundi.

Alichofanya ni kulainisha ukingo uliomeguka kwa jiwe laini na maji, ili usishike nyuzi za nguo na kuendelea kubanduka, na kuukunja upya mkono wa kufungia sindano. Alikataa kulipwa zaidi ya bei ya kahawa mbili.

Nilipokuwa naondoka niliona rafu ya vichupa vya unga wa kioo. Nikamweleza habari za Ami, pete na vigae vya kaure, tanuru la mkaa. Aliniuzia vichupa vitatu, buluu, kijani na nyeupe, vya aina isiyo na risasi, na akaniandikia masharti kwa mkono: kuosha unga kwa maji safi mpaka maji yasiwe na ukungu, kufunika pua, kukausha kabisa kabla ya moto, kuweka kioo kidogo pia upande wa nyuma ili kipande kisipinde, na kutoa motoni mara uso unapong'aa kama maji.

Nimemsomea Ami yote hayo kwa simu kituoni, polepole, naye akarudia kila sharti. Kwenye mkaa hana kipimo cha joto, atalazimika kwenda kwa rangi ya moto. Ameniambia nimtumie kwa mtu, nisiweke posta, na kwamba ataanza na kijani kwenye kipande kibovu cha pete. Buluu ataiacha mpaka nifike Disemba, niivute mivukuto mwenyewe.